MAFUTA YALIYOZAMA HAYAJAPOTEA

Katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo tunalikanyaga kila siku bila kuliona: mafuta ya gari yanayoingia katika udongo, na maji tunayokunywa yanayotoka katika udongo huo huo.

Tazameni tu njia kuu za Butembo na Beni. Motari anajaziwa tanki, matone yanaanguka. Muuzaji wa kando ya njia anamimina esanse toka bidoni mpaka chupa, na kidogo inapita nje. Fundi wa garaje anaosha vyuma vyake kwa mazutu, kisha ile chafu anaimwaga nyuma ya nyumba. Katika stasio tanki kubwa la chuma limefukiwa chini, na hakuna anayeliona tena tangu siku lilipofukiwa. Nyuma ya saa moja udongo umekauka, harufu imepungua, na watu wanasema: "Imekwisha." Sisi tunasema haijaisha. Mafuta yaliyozama hayajapotea, yamehama tu.

Juu ya nini jambo hili linatuhusu sisi? Ni kwa sababu miji yetu imejengwa juu ya vilima. Barabara, maduka, magaraje na stasio nyingi ziko juu. Chemchemi ziko chini, bondeni. Hata wenye robine ya REGIDESO nyumbani, siku maji yakikatika wanachukua bidoni na kutelemka bondeni pamoja na wengine. Mvua inyeshayo juu ya kilima ndiyo tunayoichota chini nyuma ya miezi au miaka. Kila kitu kilichozikwa njiani, maji yanapita karibu nacho.

1. MAFUTA YANATEMBEA NAMNA GANI?

Watu wengine wanafikiri kwamba chini ya ardhi kuna ziwa au mto uliofichwa. Mara nyingi si hivyo. Maji ya chini yako katikati ya chembe za mchanga, katika udongo, na katika nyufa za mwamba, kama vile maji yanavyokaa ndani ya kitambaa kilicholoa. Sehemu ya juu ya udongo ina hewa na unyevu. Ukichimba zaidi, unafika pahali ambapo kila nafasi imejaa maji. Pale ndipo panaitwa usawa wa maji. Wakati wa mvua usawa huo unapanda, wakati wa kiangazi unashuka.

Sasa esanse ikimwagika, inagawanyika mara nne. Sehemu ya kwanza inanata juu ya chembe za udongo na kubaki hapo. Sehemu ya pili inageuka kuwa mvuke na kupanda. Mvuke huo unaweza kuingia katika nyumba, katika shimo, au katika kisima. Sehemu ya tatu inashuka mpaka usawa wa maji, na hapo inasimama, sababu ni nyepesi: litre moja ya maji ina gramu 1,000, lakini litre moja ya esanse ina gramu 740 hivi. Kwa hiyo esanse inaelea juu ya maji, hata chini ya ardhi. Sehemu ya nne ni ndogo kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote: inayeyuka ndani ya maji yenyewe. Hiyo haielei, wala haionekani. Inatembea pamoja na maji mpaka pale maji yanapotokea.

Mwenye kutaka kuona jambo hili kwa macho afanye jaribio dogo. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Tia changarawe chini, na mchanga juu yake. Mimina maji polepole kandokando mpaka yafike katikati ya mchanga. Kisha mimina juu ya mchanga vijiko vitatu vya mafuta ya karanga. (Mawese yangeonekana vizuri kwa rangi yake, lakini baridi ya Butembo inayagandisha.) Ngoja siku moja. Utaona mafuta yamesimama pale maji yanapoanzia. Ongeza maji: mafuta yanapanda. Punguza maji kwa mrija: mafuta yanashuka, lakini yanaacha alama katika mchanga wote yalipopita. Ndivyo inavyokuwa katika ardhi. Kila msimu wa mvua na kila kiangazi, usawa wa maji unapanda na kushuka, na mafuta yanapakwa juu na chini kama rangi ukutani. Angalisho: jaribio hili lisifanywe kwa esanse, hata kidogo. Mvuke wake unashika moto upesi.

2. KITU KIDOGO, HASARA KUBWA

Ndani ya esanse kuna vitu vingi. Vinavyotutia hofu zaidi katika maji ni vinne vya jamaa moja: benzeni, tolueni, etilibenzeni na ksileni. Katika hivyo benzeni ndiyo mkali. Wataalamu wa afya wa dunia nzima wamekubali kwamba inaleta kansa, hasa kansa ya damu, kwa mtu anayeipokea muda mrefu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka mpaka: maji ya kunywa yasipite miligramu 0.01 ya benzeni katika litre moja.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme esanse yetu ina benzeni sehemu 1 kwa 100. Litre moja ya esanse, yenye gramu 740, itakuwa na gramu 7.4 za benzeni, ndizo miligramu 7,400. Gawanya kwa 0.01. Jibu ni litre 740,000. Ni kusema, benzeni iliyo ndani ya litre moja tu ya esanse inatosha kufikisha litre 740,000 za maji katika mpaka ule. Kwa bidoni za litre 20, hizo ni bidoni 37,000. Nyumba inayochota bidoni 10 kila siku ingekunywa maji hayo zaidi ya miaka 10.

Ni kweli kwamba benzeni yote haifiki majini. Nyingine inapaa hewani, nyingine inaliwa na vijidudu vya udongo. Lakini hata ikifika sehemu ya kumi tu, bado ni bidoni 3,700. Na hiyo ni litre moja. Mabomba ya stasio yakivuja tone moja kila sekunde, siku moja ina matone 86,400. Tukihesabu matone 20 kwa mililitre moja, ni litre 4 na zaidi kwa siku, na kwa mwaka ni litre 1,500 na zaidi. Nani ataona tone moja chini ya saruji?

Hapa tuseme neno juu ya dawa tunazozijua. Tangu 2018 hadi 2020, wakati wa Ebola, sisi wote wa Beni na Butembo tulizoea ndoo za maji ya klori mlangoni mwa kila nyumba, shule na kanisa. Klori ni nzuri kwa sababu inaua vijidudu vya magonjwa. Lakini esanse haiko kidudu, haina uhai wa kuuawa. Klori haiiondoi. Na kuchemsha je? Benzeni inachemka kwa digri 80, mbele ya maji, kwa hiyo nyingi inatoka na mvuke. Lakini inatoka kwenda wapi? Inaingia jikoni, mahali mama amekaa na mtoto mgongoni, nao wanaivuta. Na mafuta mazito ya mazutu yanabaki ndani ya sufuria. Maji yenye mafuta dawa yake ni moja kwa mtu wa nyumbani: kuyaacha na kutafuta maji mengine.

3. PUA INAJUA KUSEMA NDIYO, HAIJUI KUSEMA HAPANA

Wengi watatuambia: "Sisi tunanusa. Maji yakiwa na esanse tutajua." Ni kweli kwamba maji yakinuka esanse, kuna esanse. Hapo pua imesema ndiyo, na inatosha; usiyanywe. Lakini maji yasiponuka hatuwezi kusema ni safi. Ulimi wa mtu unaanza kuonja benzeni katika maji karibu na nusu ya miligramu kwa litre moja. Mpaka wa afya ni miligramu 0.01. Ni kusema, maji yanaweza kupita mpaka mara 40 na ulimi ukanyamaza. Tena pua inazoea. Anayekaa karibu na stasio hasikii tena harufu ambayo mgeni anaisikia mara moja.

Macho nayo yanadanganya, na hapa tuwatetee watu wa stasio kidogo. Saa ingine juu ya maji yaliyosimama kando ya chemchemi unaona utando unaong'aa kama upinde wa mvua. Watu wanapiga kelele: "Mazutu!" Pengine si mazutu. Katika udongo wetu mwekundu kuna chuma kingi, na vijidudu vinavyoishi kwa chuma vinatengeneza utando unaofanana kabisa na mafuta. Chukua kijiti, uguse. Utando wa chuma unavunjika vipande vipande kama kioo, na vipande vinakaa mbalimbali. Utando wa mafuta unazunguka kijiti na kurudi kuungana. Mtu asimshitaki jirani yake mbele ya kugusa kwa kijiti.

Basi, kama pua na macho havitoshi, kinachobaki ni kupima, kuandika, na kupima tena.

4. YALIYOTOKEA PENGINE

Esanse tunayotumia huku inapita njia ndefu. Mingi inashuka toka meli huko Mombasa, inakwenda Nairobi na mbele zaidi kwa bomba, kisha malori yanaichukua kupita Uganda mpaka Kasindi. Bomba la kwanza toka Mombasa mpaka Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Katika mwezi wa tano 2015, bomba hilo lilivuja huko Thange, katika Makueni, nchi ya Kenya. Mafuta yaliingia katika udongo na katika mto Thange, ambao watu walikuwa wakiutumia kwa kunywa, kwa mifugo na kwa kumwagilia mashamba. Wakaaji waliona visima vyao vimeharibika, wakapaswa kungoja maji ya kuletwa na malori. Wenye bomba walichimba visima vya kufyonzea mafuta na walitoa udongo mchafu. Lakini kesi haikuisha upesi. Ni katika mwezi wa saba 2025, miaka 10 nyuma yake, ndipo mahakama ilipoamuru wakaaji walipwe zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Mtoto aliyekuwa klasi ya kwanza bomba lilipopasuka alikuwa kijana mbele ya kusikia hukumu.

Huko Nigeria, katika nchi ya Waogoni, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 2011. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale wapimaji walikuta mafuta yaliyosafishwa yanaelea juu ya maji ya chini, unene wa sentimeta 8. Benzeni katika visima vya kunywa ilipita mpaka wa Shirika la Afya zaidi ya mara 900. Bomba lililoleta mafuta hayo lilikuwa limevuja miaka mingi mbele. Na neno la huzuni ni hili: wakaaji walijua kwamba maji yana mafuta, lakini walikuwa wanayanywa, sababu hawakuwa na mengine. Ripoti ilisema kwamba kuisafisha nchi yote ya Waogoni kunaweza kudai miaka 25 hadi 30.

Mfano wa tatu ni wa Marekani, karibu na Bemidji, katika jimbo la Minnesota. Tarehe 20 mwezi wa nane 1979, bomba lilipasuka na kumwaga litre karibu milioni 1.7 za mafuta ghafi. Walikusanya sehemu kubwa, lakini litre karibu 400,000 zilibaki ardhini. Tangu 1983 wataalamu wanaendelea kupapima mahali pale. Wamejifunza mambo mawili. La kwanza linafurahisha: udongo una vijidudu vinavyokula mafuta, na kwa kazi yao maji machafu hayakusonga mbali kama ilivyoogopwa. La pili linatisha: hata nyuma ya miaka 40, mafuta bado yako pale. Vijidudu vinakula, lakini polepole, kwa sababu chini ya ardhi hewa ni kidogo.

Mifano hii mitatu inafundisha jambo moja: katika kila pahali mafuta yalizama kwa muda mfupi, na kuyaondoa kukadai miaka mingi.

5. NAMNA YA KUYAFUATILIA

Kufuatilia kunaanza juu ya ardhi, katika kaye ya stasio. Kila asubuhi mwenye tanki anashusha kijiti chenye alama na kusoma kiasi kilichobaki. Tuchukue mfano. Jana asubuhi kulikuwa na litre 5,000. Lori lilileta 10,000. Pompe inaonyesha kwamba ziliuzwa 6,200. Leo kijiti kipaswe kuonyesha 8,800. Kikionyesha 8,760, zimekosekana 40. Kwa siku moja si neno. Kijiti kinaweza kukosea, na baridi ya usiku inapunguza mafuta kidogo. Lakini kama kila siku zinakosekana, juma kwa juma, pengine kuna mwizi, au kuna tundu. Kwa faida yake mwenyewe mwenye stasio anapaswa kujua ni lipi. Kijiti na kaye ni bei ndogo kuliko chombo kingine chochote.

Kisha kuna kufuatilia maji yenyewe. Wataalamu wanachimba matundu membamba mpaka chini ya usawa wa maji, na kutia ndani mabomba ya plastiki yenye nyufa ndogo ndogo upande wa chini. Yanapaswa kuwa matatu au zaidi, wala yasipangwe katika mstari mmoja. Juu ya nini matatu? Kwa sababu pembetatu inatuonyesha maji yanakokwenda. Tuseme urefu wa maji katika bomba A ni mita 98.40, katika B ni 97.90, katika C ni 97.40, zote zikipimwa toka alama moja. (Waashi wanajua kusawazisha alama kwa mpira mwembamba wenye maji.) Piga mstari toka A mpaka C. Katikati yake kabisa urefu ni 97.90, sawa na B. Unganisha pahali pale na B: mstari huo ni wa maji ya usawa mmoja. Maji yanatembea kuukata mstari huo kwa pembe ya digri 90, kuelekea upande wa C. Wanafunzi wanaouliza kila mwaka jeometria inatumika wapi, jibu ni hili. Ukijua njia ya maji, unajua ni chemchemi gani iko katika hatari na ni ipi haiko.

Bomba moja linawekwa juu ya tanki, upande maji yanakotoka, ili kuonyesha maji yalikuwa namna gani mbele ya kupita pale. Mengine yanawekwa chini, kuelekea chemchemi. Bila lile la juu, mwenye stasio atasema: "Uchafu umetoka kwa jirani," na hakuna atakayeweza kumjibu.

Kuchukua maji ya kupima kuna adabu yake. Chupa iwe ya kioo, safi, isiyowahi kutiwa mafuta. Ijazwe mpaka juu kabisa, bila hata povu moja la hewa, sababu benzeni inakimbilia katika hewa na kutoroka ukifungua. Ifungwe vizuri, iwekwe pahali pa giza na baridi, na ipelekwe upesi laboratwari. Juu yake paandikwe pahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Tena tusipime mara moja na kutulia. Huku kwetu kuna vipindi viwili vya mvua katika mwaka. Maji yaliyokuwa mema wakati wa kiangazi yanaweza kubadilika usawa unapopanda na kuyafikia mafuta yaliyonata juu.

6. NAMNA YA KUSAFISHA

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yanazoleka, lakini kwa jasho na kwa fedha. Kazi inafuata utaratibu huu.

Kwanza, kuziba. Tanki linalovuja litolewe mafuta na lisitumiwe tena. Kusafisha huku tanki likiendelea kuvuja ni kama kukausha nyumba huku mvua ikiingia kwa paa.

Pili, kuwapa watu maji mengine siku ile ile, si nyuma ya mkutano wa tatu.

Tatu, kutoa mafuta yanayoelea kwa pompe ya kazi hiyo, na kuchimba udongo uliolowa ili upelekwe mbali na maji na kutunzwa.

Nne, kufyonza mvuke toka udongo kwa mashine ya hewa. Njia hii inafaa sana kwa esanse, lakini kwa mazutu ni ngumu, sababu mazutu haigeuki mvuke upesi. Tena udongo wa mfinyanzi haupitishi hewa vizuri kama mchanga.

Tano, kuvuta maji machafu na kuyapitisha katika makala ya pekee, ambayo yametayarishwa ili yawe na vitundu vingi vya kunasa benzeni. Hayo hayako sawa na makala ya jikoni. Na hata yale ya pekee yanajaa. Yakijaa lazima yabadilishwe, la sivyo yanapitisha tena uchafu.

Sita, kuwasaidia vijidudu vya udongo kwa kuwaletea hewa, kisha kuwaacha wafanye kazi. Lakini kuwaacha si kulala. Ni kupima kila msimu na kuona kama namba zinashuka kweli. Zisiposhuka, ni kazi ya kurudia.

Ndugu zetu, hakuna kazi hata moja katika hizi ya mtu wa nyumbani. Mtu asiingie katika kisima kinachonuka esanse ili akisafishe. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, unamfanya mtu aanguke bila kupiga kelele. Na anayemfuata ili amtoe anaanguka pia. Mtu asiwashe kiberiti wala taa ya moto ili kutazama ndani. Na mtu asivute maji kwa nguvu akifikiri atamaliza mafuta, kwani kuvuta sana kunaweza kuyaita mafuta yaliyokuwa mbali yaje.

7. BASI TUFANYE NINI?

Serikali yetu ina sheria. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inalinda mazingira na inafuata kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inahusu maji. Lakini sheria bila ushahidi ni panga bila mpini. Atakayeuliza "Nani alichafua, na tangu lini?" atahitaji karatasi zilizoandikwa mbele ya hasara kutokea. Karatasi hizo sisi wanafunzi tunaweza kuzianza.

Tunapendekeza kila mtaa wanakotoka wanafunzi uwe na kaye moja ya chemchemi. Mara moja kwa juma, siku moja na saa moja, wanafunzi wawili waende. Waandike: tarehe, mvua au jua, sekunde zinazohitajika kujaza bidoni ya litre 20, rangi, harufu, utando na jibu la kijiti. Anayenusa awe yule asiyekaa karibu na stasio. Wachore ramani ndogo: chemchemi iko wapi, na juu yake kuna garaje, stasio, jenereta au muuzaji wa bidoni wapi. Tulisema kwamba pua haijui kusema hapana, kwa hiyo kaye hii haitatangaza maji kuwa safi. Lakini siku harufu ikitokea, kaye itasema ilianza lini, na mkubwa wa mtaa, watu wa afya na REGIDESO watakuwa na pahali pa kuanzia.

Kwa wakubwa tuseme kwa heshima. Tusimwendee mwenye stasio kama polisi, bali kama watoto wake: "Papa, tunajifunza juu ya maji. Je, tanki lako linapimwa kwa kijiti kila siku?" Kwa fundi wa garaje: mafuta machafu yakusanywe katika pipa lenye kifuniko, yasimwagwe nyuma ya nyumba. Kwa mama na vijana wanaouza kando ya njia: sinia pana chini ya chupa, na mpira wa kumiminia usiovuja, vinarudisha faida, kwa sababu kila tone linalodondoka ni fedha yako inayokunywewa na udongo. Na bidoni iliyobeba esanse, hata mara moja, isichote maji tena, hata ikioshwa kwa sabuni mara ngapi.

Mwisho tuanze nyumbani. Kila shule yenye jenereta iweke pipa lake la mazutu juu ya saruji yenye ukingo pande zote nne, chini ya paa, mbali na kisima. Ukingo ule uweze kubeba mafuta yote ya pipa likitoboka. Kazi hiyo inadai matofali machache, mfuko wa saruji, na Jumamosi moja ya wanafunzi wa ujenzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kujengwa chini ya ardhi, katika maji, hakuna mwashi wa Butembo wala wa Beni atakayeujenga kwa bei rahisi.